Bega bandia: kazi inayobaki ukisharudi Tabora

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba hapa Tabora. Wagonjwa wangu wa bega bandia hupasuliwa Dar es Salaam, kisha hurudi nyumbani wakiwa na matumaini makubwa, na wana haki. Maumivu yaliyowanyima usingizi hupungua sana. Lakini nguvu na wepesi wa mkono hutafutwa kwa mazoezi, miezi 6 hadi mwaka.

Daktari hukata kichwa cha mfupa wa mkono kilicholika na kuweka cha chuma. Upande wa pili huweka kikombe cha plastiki ngumu. Kama misuli midogo ya bega imechanika vibaya, mpangilio hugeuzwa: tufe likakaa begani, kikombe mkononi, na msuli mkubwa wa nje ya bega ukachukua kazi ya kuinua. Mfaransa Paul Grammont ndiye aliyeufanya mpangilio huo ufae, miaka ya 1980. Na si wazee tu wanaouhitaji upasuaji huu. Selimundu inaweza kuziba damu isifike kwenye kichwa cha mfupa mpaka kikafa, mtu angali kijana.

Hapa ndipo ninapowasihi watu. Ili kulifikia bega, mara nyingi daktari hukata msuli wa mbele na kuushona tena, nao huhitaji wiki 6 hivi kushika. Ndiyo maana mkono unaning'inizwa shingoni. Ndiyo maana nakataza kuuegemea unapoinuka kitini, kuvuta mlango mzito, au kuupeleka nyuma ya mgongo. Kinamama wengi huteseka na kufunga khanga. Basi binti au mkwe amfungie, hakuna aibu. "Mama, kikombe cha chai sawa, ndoo hapana," huwa nawaambia. Blauzi ianze kuvaliwa mkono unaouma, na ivuliwe huo mwisho. Usiku weka mto chini ya kiwiko kisidondoke nyuma.

Zoezi la kwanza linaonekana dogo mno: unainama, unashika meza kwa mkono mzima, ule mwingine unauachia uning'inie, halafu unayumbisha mwili taratibu mpaka mkono uchore duara. Wengine hulidharau. Tafadhali usilidharau, wala usilizidishe.

Kwenye basi la kurudi, usikae upande wa njia, mizigo itakugonga.

Ukifika, ndugu watataka kukukanda kwa maji moto au kukupeleka kwa mchuaji. Kataa kwa upole. Kidonda kikitoa usaha, kikiwa chekundu, ukapata homa, au bega likabadilika umbo ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.