Je, wajua kwa nini kompyuta haiwezi kukukumbusha nywila uliyoisahau?

Mtu aliyefungiwa nje ya kompyuta yake mwenyewe huwa na ombi moja kwa fundi: aifungue mashine, aitafute nywila humo ndani, amsomee. Ombi hilo lina mantiki yake. Kompyuta huikubali nywila sahihi na kuikataa iliyokosewa herufi moja, kwa hiyo si lazima iwe imeiandika mahali ili ilinganishe? Haijaiandika. Ukiipekua diski ya Windows, macOS au Linux faili kwa faili, kwa kawaida hutaikuta nywila ya kuingilia ikisomeka popote, kwa sababu mifumo hii iliundwa makusudi isiiweke. Mashine iliyoruhusiwa kuingia yenyewe bila kuuliza inaweza kuwa imeihifadhi, lakini mwenye mashine ya namna hiyo ni nadra kufungiwa nje.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. CTSS, mfumo wa kompyuta ya pamoja uliotumika katika chuo cha MIT nchini Marekani katika miaka ya 1960, uliweka nywila za watumiaji wote katika faili moja iliyosomeka waziwazi. Mwaka 1966 faili hiyo ilichanganyika na faili ya tangazo la siku, na kila aliyeingia akaonyeshwa nywila za wenzake wote. Waundaji wa Unix, mfumo mwingine wa kompyuta, waliacha kabisa kuhifadhi nywila zenyewe, na mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wakachapisha maelezo ya njia yao.

Kinachohifadhiwa badala yake huitwa hashi. Mfikirie mlinzi wa lango asiyejua jina wala sura ya mtu yeyote, mwenye daftari la alama za vidole tu. Unapofika unabonyeza kidole kwenye wino, naye analinganisha alama mpya na iliyomo daftarini, zikifanana anakupisha. Ukimpokonya daftari, huwezi kutengeneza kidole kutokana na alama. Unachoweza ni kuchana ukurasa na kupachika alama nyingine, na kesho yake mlinzi atampisha mwenye alama hiyo bila kusita.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Nywila unayoiandika hupitishwa kwenye hesabu inayokwenda mbele tu, jibu hulinganishwa na lililohifadhiwa, kisha nywila hutupwa. Katika Windows jibu hilo ni mfululizo wa herufi na tarakimu 32, nalo hukaa katika faili iitwayo SAM ndani ya folda ya C:\Windows\System32\config. Linux huliweka katika /etc/shadow. Neno "password" kwa herufi ndogo tupu huzaa hashi ya Windows inayoanza na 8846F7EA. Ukiikuza p ya kwanza tu, hashi inaanza na A4F49C40. Badiliko dogo mno limevuruga jibu lote, na hapo ndipo uzuri wa mpango huu ulipo: hata ukikosea alama moja ya mkato, kompyuta haina njia ya kujua kwamba umekaribia. Kwake, aliyekosea herufi moja na aliyebahatisha ovyo ni sawa.

Kuna tahadhari moja. Hashi haisomeki kinyumenyume, lakini inaweza kukisiwa: programu hujaribu mamilioni ya maneno, hupiga hesabu ya kila moja na kuangalia lipi linatoa jibu lile. Hashi ya Windows hukokotolewa upesi sana, ndiyo maana nywila fupi huweza kupatikana. Nywila ndefu isiyo neno la kawaida haikisiki kwa muda wenye maana.

Dhana ya pili huleta hasara kubwa zaidi, nayo ni kwamba nywila ndiyo iliyofunga faili zako. Mara nyingi sivyo. Mlinzi yuko langoni tu. Nyaraka za ndani zinaweza kuwa mezani, wazi. Diski isiyosimbwa ikitolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine, au mashine ikiwashwa kwa fleshi yenye Linux, picha na nyaraka husomeka bila nywila yoyote. Kwa hiyo aliyeambiwa kwamba lazima diski ifutwe ili aingie, huenda amepoteza faili zake bure. Diski iliyosimbwa ni jambo jingine: maandishi yenyewe yamegeuzwa kuwa fumbo, na kumbadilisha mlinzi hakusaidii kitu.

Kabla ya kugusa chochote, basi, jua kama diski imesimbwa. Kwa Windows mpya usidhani kwamba haijasimbwa kwa kuwa hukuomba. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, likisakinishwa upya kwa akaunti ya Microsoft huwasha usimbaji lenyewe kwenye mashine nyingi. Ufunguo wa dharura wa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, una tarakimu 48, katika mafungu 8 ya tarakimu 6, na kwa kawaida huwa umehifadhiwa katika akaunti hiyo. Utafute kwa simu kwenye aka.ms/myrecoverykey. Ukikuta funguo kadhaa, linganisha herufi 8 za mwanzo za kitambulisho kinachoonekana kwenye kioo. Kila fungu la ufunguo ni lazima ligawanyike kwa 11 bila baki, ndiyo maana kompyuta hutambua fungu lililoandikwa vibaya kabla hujamaliza mengine. Ufunguo huu ukikosekana kabisa na diski ikawa imefungwa, Microsoft haiwezi kukutengenezea mwingine.

Baada ya hapo anza na yaliyo mepesi. Bonyeza alama ya jicho uone unachoandika. Angalia Caps Lock, na lugha ya kibodi kwenye kona ya kioo: mpangilio wa Kijerumani hubadilishana Y na Z, wa Kifaransa hubadilishana A na Q. Hakikisha pia unachoulizwa ni nywila au PIN. PIN ni ya mashine hiyo moja, na ukiikosea mara nyingi Windows hukutaka uandike A1B2C3 kwanza, ili ithibitishe kwamba kibodi inaandika sawasawa.

Kama akaunti ni ya Microsoft, badilisha nywila kwa kifaa kingine, kisha unganisha kompyuta na intaneti kwa alama ya mtandao iliyo kwenye ukurasa wa kuingilia. Wengi hukwama hapa. Mashine isiyo na mtandao haijapata habari ya badiliko, inaendelea kulinganisha na hashi ya zamani, na nywila mpya iliyo sahihi inakataliwa.

Kama akaunti ni ya mashine yenyewe, kosea mara moja kwa makusudi. Chini ya kisanduku kitatokea kiungo cha kuweka nywila mpya kwa kujibu maswali matatu ya usalama, kama uliyaweka. La sivyo, mtu mwingine mwenye akaunti ya msimamizi kwenye mashine hiyo anaweza kufungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika net user, jina la akaunti yako, kisha nyota (*). Ataulizwa nywila mpya mara mbili, na herufi hazitaonekana anapoandika.

Njia hii ya msimamizi ina gharama ambayo watu huigundua wamechelewa. Windows hufungia baadhi ya siri za mtumiaji, zikiwemo nywila zilizohifadhiwa na baadhi ya vivinjari na faili zilizosimbwa kwa EFS (njia ya Windows ya kusimba faili mojamoja), kwa ufunguo unaotokana na nywila yake. Ukibadilisha nywila ukiwa unaijua ya zamani, ufunguo huo hufungwa upya kwa nywila mpya. Ikibadilishwa kwa nguvu, ufunguo unabaki umefungwa kwa ile iliyosahauliwa, na siri hazifunguki. Ukija kuikumbuka nywila ya zamani, irudishe iwe nywila ya akaunti, na kwa kawaida zitafunguka tena, usizifute mapema.

Fleshi ya kurejesha nywila, inayotengenezwa kabla ya kusahau, haina hasara hiyo. Unapoitengeneza, Windows huweka ndani ya kompyuta nakala ya nywila yako iliyosimbwa, na ufunguo pekee wa kuifumbua hukaa kwenye fleshi, katika faili ya userkey.psw. Hapo nywila imo kweli ndani ya mashine, ila haisomeki bila fleshi. Inaendelea kufaa hata ukibadilisha nywila baadaye. Aliye nayo anaingia, kwa hiyo isikae kwenye mfuko mmoja na kompyuta.

Kwenye Ubuntu, bonyeza Esc mashine inapowaka (Shift kwa mashine za zamani), chagua Advanced options, recovery mode, kisha root. Andika mount -o remount,rw / kwanza, ndipo passwd na jina la mtumiaji. Ukiruka amri ya kwanza utapata ujumbe "Authentication token manipulation error", kwa sababu diski imefunguliwa kwa kusomwa tu na hashi mpya haina pa kuandikwa. Mac yenye FileVault, usimbaji wa diski wa Apple, hudai nywila, au ufunguo wa herufi na tarakimu 24 kama uliuchukua, au akaunti ya Apple kama uliiruhusu siku ya kuwasha usimbaji.

Ushauri wa kuchomoa betri ndogo ya bodi kuu hauhusiani na haya. Kuichomoa kulifuta nywila ya BIOS, programu ya awali inayoiwasha mashine, kwenye kompyuta za mezani za zamani. Hashi ya Windows iko kwenye diski, na betri haiigusi. Kwenye laptopu nyingi za sasa hata nywila ya BIOS hukaa kwenye chipu isiyotegemea umeme. Zaidi ya hapo, mipangilio ya BIOS ikirudi ya kiwandani, BitLocker inaweza kuona mashine imebadilika na kuanza kudai tarakimu zake 48, hata kama dakika tano zilizopita ilikuwa inadai nywila ya kawaida tu.