Matope hayatamwokoa kamongo

Kila tukikaa na wavuvi kuzungumzia kamongo, samaki wa Ziwa Victoria anayepumua kwa mapafu, lazima mmoja asimame na kusema: "Mtaalamu, huyu hamalizwi. Maji yakikauka anajichimbia, mvua ikinyesha anatoka." Wenzake wanaitikia, na mjadala unafia hapo. Juzi limesemwa tena, na aliyesema ni mtu aliyesomea uvuvi. Nimechoka kulijibu mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, nalijibu hapa.

Kujichimbia kupo. Kamongo hutoa ute unaokauka na kumfunika mwili mzima, akabakiza tundu la pumzi mdomoni. Mwili hupunguza kazi, na amonia hugeuzwa urea isije ikamuua humo ndani. Lakini anayeishi hivyo kila kiangazi hasa ni spishi nyingine ya kamongo, Protopterus annectens, wa mbuga zinazofurika na kukauka. Wetu wa Ziwa Victoria ni Protopterus aethiopicus, na ziwa hili halikauki kila mwaka. Uwezo anao, ila wengi wao huzaliwa, huishi na kufa bila kuutumia. Na hata akiutumia, unamwokoa yeye mmoja na ukame. Haumwokoi na ndoano, wala hauongezi kamongo mwingine ziwani. Kwingine anakolala kweli, watu humchimbua kwa jembe.

Tena ana udhaifu ambao sato hana. Kamongo mkubwa anategemea mapafu, matamvua yake hayamtoshi. Akinaswa na wavu chini asiweze kupanda juu kuvuta hewa, anakufa maji.

Ninachotaka kieleweke ni kiota. Dume huandaa shimo pembezoni, katikati ya mafunjo na matete. Jike akishataga, dume ndiye anayebaki kulinda mayai, kisha vifaranga, ambavyo mwanzoni hupumua kwa matamvua ya nje. Wakati huo hakimbii. Ukimsogelea anauma, na meno yake huvunja gamba la konokono. Kwa sababu hakimbii, anayejua kiota kilipo anampata bila shida. Anatoka na samaki mmoja mkubwa, na kizazi kizima kinabaki bila mlinzi. Halafu mafunjo yanachomwa, panalimwa mpunga, na mwaka unaofuata hapana hata pa kuchimba kiota.

Mwaka 2002 mtafiti Goudswaard na wenzake walichapisha takwimu za Ghuba ya Mwanza zinazoonyesha kamongo wakipungua tangu miaka ya 1970, na walitaja mambo haya mawili: madume kuvuliwa viotani na ardhi oevu kugeuzwa mashamba. Wengi wetu tumezoea kumtwika sangara, samaki mla samaki aliyeletwa ziwani, kila lawama. Kugawanya lawama hizo kwa haki ni kugumu, na ninamshuku yeyote anayetoa asilimia kamili.

Kuna jingine linalonisumbua. Baringo, kule Kenya, kamongo alipelekwa miaka ya 1970 akastawi hadi kuwa samaki muhimu wa ziwa lile. Orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, nayo haimweki miongoni mwa walio hatarini. Yote mawili hunirudia kama hoja ya kunyamaza. Lakini orodha ile inapima spishi nzima katika Afrika, haipimi ghuba moja. Ukoo huu una miaka takriban milioni 400, zimebaki spishi 6 tu duniani, na 4 ziko Afrika. Huyu wa kwetu pia ni mlaji mkubwa wa konokono, na miongoni mwa konokono wa kingo hizi wamo wanaobeba kichocho.

Siamini sana kufunga msimu wa uvuvi: familia nyingi zitaumia, na mafunjo yataendelea kulimwa. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, ila kinamasi kinaweza kuingia ndani kupita hapo. Kwa hiyo kikao kijacho cha BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi mwaloni, nitaomba tuanze na mambo mawili: nani analima kwenye mafunjo yetu, na tufanye nini na anayevua kiotani.