Wafanyakazi Wako Nyumbani, Wajibu Uko Palepale: Usalama na Afya Kazini kwa Kampuni Ndogo

Kila inapokaribia tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Kazini Duniani, maswali ya waajiri huongezeka mezani petu sisi wakaguzi wa kazi. Siku hizi mengi yanatoka kwa kampuni ndogo zisizo na jengo la kukaguliwa: watu saba au kumi, kila mmoja yuko kwake, mkutano unafanyika kwenye skrini. Wanauliza kama sheria ya usalama mahali pa kazi inawahusu. Inawahusu, na tunaomba swali hilo lisirudi tena kwa sura ya "lakini sisi ni wadogo". Katika baadhi ya nchi, udogo wa kampuni unaweza kukuondolea sharti la kuwa na kamati ya usalama au sera iliyoandikwa. Wajibu wenyewe haukuondoki.

Msingi wake si mgeni. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1981, unataja mahali pa kazi kuwa kila mahali ambapo mfanyakazi analazimika kuwepo au kwenda kwa sababu ya kazi yake, na ambapo mwajiri ana udhibiti, uwe wa moja kwa moja au la. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Wewe si mwenye nyumba, ni kweli. Lakini ni wewe unayepanga saa za kazi, unayetoa kompyuta, unayechagua programu na kuweka tarehe ya kukabidhi kazi. Huo ni udhibiti. Mwaka 2022 ILO iliingiza mazingira ya kazi yaliyo salama na yenye afya miongoni mwa kanuni na haki za msingi kazini, kwa hiyo hata nchi ambayo haijaridhia mkataba huo inatarajiwa kuiheshimu kanuni yenyewe. Mipaka halisi, viwango vya faini na muda wa kutoa taarifa hutofautiana kati ya nchi na nchi. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa kisheria.

Sasa kuna ile karatasi. Waajiri wengi hutuonyesha tamko lililosainiwa na mfanyakazi: "Nimeomba mwenyewe kufanya kazi nyumbani na ninabeba dhamana ya usalama wangu." Kwa kawaida karatasi hiyo haimwondolei mwajiri wajibu uliowekwa na sheria, kwa kuwa wajibu wa kisheria hauhamishwi kwa saini ya aliye chini yako. Mbele ya mkaguzi huweza hata kukudhuru, maana inaonyesha kwamba ulijua kuna hatari ya kuzungumzia na ukachagua kuikwepa. Vivyo hivyo kwa wanaowaita wafanyakazi wao "wakandarasi huru" kwenye mkataba, kisha wanawapangia saa za kuingia, likizo na msimamizi. Ukizuka mgogoro, linaloangaliwa ni uhusiano ulivyo, siyo kichwa cha mkataba.

Kinachotakiwa ni tathmini ya vihatarishi kwa kila mfanyakazi, iliyoandikwa, yenye tarehe na yenye ufuatiliaji. Kwa kampuni ya watu kumi si kazi kubwa. Mfanyakazi anajaza dodoso kuhusu sehemu anayofanyia kazi, anaambatisha picha ya meza na kiti, anaongea na msimamizi kwa muda mfupi, na msimamizi anaandika kilichoonekana, kitakachofanyika, nani atakifanya na lini. Picha iwe ya sehemu ya kazi tu. Chumba kizima, watoto na vitanda havihitajiki. Tathmini irudiwe mfanyakazi anapohama, anapobadilishiwa vifaa au majukumu, anapopata ujauzito, anaporudi kutoka kwenye ugonjwa, au anapolalamika maumivu. Dodoso likishajazwa lazima lisomwe. Linaonekana jambo dogo, lakini tumepokea mafaili ambamo madodoso ya watu tofauti yana majibu yanayofanana hadi koma, na mengine ambamo mtu ameandika wazi kwamba anafanyia kazi kitandani na anaumwa shingo, na chini yake msimamizi amegonga muhuri wa "hakuna hatua inayohitajika". Faili la namna hiyo ni bora lisingekuwepo.

Kuhusu kiti na meza sitasema mengi, nadhani yanafahamika: miguu ifike chini, mgongo uegemee, ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa urefu wa mkono. Ila kompyuta mpakato ina tatizo la kimaumbile: skrini na kibodi vimeshikana. Ukiinua skrini, mikono inaning'inia. Ukishusha kibodi, shingo inapinda. Anayeitumia kutwa nzima apewe kiinulio pamoja na kibodi na kipanya vya pembeni. Mkataba Na. 155 unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi, hivyo "atanunua akipenda" si jibu.

Umeme nao hupuuzwa. Ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, waya unaopita chini ya zulia, betri iliyovimba inayoendelea kutumiwa, chaja inayowaka juu ya godoro usiku: haya ndiyo huanzisha moto. Kifaa cha kampuni kinabaki cha kampuni popote kilipo, kwa hiyo mwajiri awe na orodha yake, akikague na akibadilishe kikiharibika. Hawezi kukarabati nyaya za nyumba ya mtu, lakini anaweza kusema kwamba soketi iliyoungua haitumiki kwa kazi yake, na kumpa mfanyakazi mahali pengine pa kufanyia kazi mpaka irekebishwe.

Kihatarishi kizito kuliko vyote hakionekani kwenye picha ya meza. Ni saa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na ILO zilitoa makadirio ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la takriban asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, na takriban asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na kuziba kwa mishipa, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 vifo vilivyohusishwa na saa hizo ndefu vilikadiriwa kuwa 745,000. Mfanyakazi aliyeko nyumbani hana basi la kuwahi wala mlinzi wa kufunga geti, na ujumbe wa bosi wa saa nne usiku unamkuta mezani. Ufaransa iliweka haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi kwenye sheria yake tangu Januari 2017, nayo Ureno mwaka 2021 ikamtaka mwajiri ajizuie kumtafuta mfanyakazi wakati wa mapumziko yake, isipokuwa pana dharura ya kweli. Hata pasipo sheria ya aina hiyo, saa za kazi ni sehemu ya tathmini. Waajiri hutuambia, "Sijamlazimisha kujibu." Hakuna aliyesema umemlazimisha. Tunauliza umeweka utaratibu gani wa kumzuia.

Unyanyasaji nao husafiri kwa intaneti. Mkataba Na. 190 wa ILO wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unataja bayana mawasiliano ya kazi yanayopitia teknolojia, hivyo matusi kwenye kikundi cha kazi si "utani wa mtandaoni". Mfanyakazi apewe mtu wa kumpelekea malalamiko, na mtu huyo asiwe yuleyule anayelalamikiwa, jambo ambalo katika kampuni ndogo linahitaji kufikiriwa mapema.

Ajali ikitokea, mjadala hugeuka kuwa wa ushahidi. Desemba 2021 mahakama ya juu ya hifadhi ya jamii ya Ujerumani iliamua kwamba mtu aliyeanguka kwenye ngazi za nyumbani kwake, asubuhi akitoka chumba cha kulala kwenda kuanza kazi kwenye ofisi yake ya nyumbani ghorofa ya chini, alikuwa safarini kuelekea kazini na analindwa na bima ya ajali. Uamuzi huo haufungi mahakama za nchi nyingine, lakini unaonyesha kwa nini tunasisitiza kumbukumbu. Andika siku hiyohiyo: saa ya tukio, saa iliyopangwa ya kuanza kazi, mfanyakazi alikuwa akifanya nini na kwa maelekezo ya nani, kifaa gani kilihusika, nani alipigiwa simu kwanza. Piga picha ya eneo kabla halijasafishwa, ikiwa mwenyewe anaridhia. Ambatisha taarifa ya daktari. Kisha toa taarifa kwa mamlaka na kwa mfuko wa fidia au bima ndani ya muda uliowekwa. Kifo na jeraha kubwa kwa kawaida huripotiwa mara moja, kwa simu, maandishi yakifuata. Usisubiri kwanza kuamua kama ajali "ilikuwa ya kazi kweli". Uamuzi huo si wako.

Mkaguzi hatavunja mlango wa mtu. Kuingia kwenye makazi hutegemea ridhaa ya mwenyeji au kibali kinachotambuliwa na sheria, na mwajiri hana haki pana kuliko mkaguzi. Ndiyo maana tunaanza na makaratasi: tathmini, orodha ya vifaa, rekodi za saa, daftari la ajali, ushahidi wa mafunzo. Upungufu wa kawaida huzaa ilani ya maboresho yenye tarehe ya mwisho. Hatari ya karibu huzaa ilani ya katazo, na kazi husika husimama mpaka iondolewe. Kupuuza ilani ndiko kunakofikisha watu kwenye faini au mashtaka, na sheria kadhaa zinamgusa mkurugenzi binafsi. Kughushi rekodi ni kosa linalojitegemea. Unaweza kuwa na meza zote salama na bado ukashtakiwa kwa dodoso ulilojijazia mwenyewe.

Wafanyakazi nao wana sehemu yao, maana mkataba huohuo wa 1981 unawataka washirikiane na mwajiri. Anayeweka "ndiyo" kwenye kila swali ili asisumbuliwe, kisha akaja kwetu na mkono uliokufa ganzi, anatupa kazi ngumu ya kuthibitisha.

Swali moja limeongezeka mno: mfanyakazi amehamia nchi nyingine na laptopu ya kampuni, mwajiri ameambiwa baadaye. Hapo inaweza kutumika sheria ya nchi mbili, na bima yako huenda haimfikii aliko. Weka kwenye mkataba kwamba kuhama nchi kunahitaji idhini ya maandishi kabla ya safari, na kabla ya kuitoa waulize bima na mamlaka za pande zote mbili. Majibu yao yahifadhi kwenye faili la mfanyakazi huyo, pamoja na tathmini mpya ya sehemu atakayofanyia kazi.