Unene wa Sponji Hauokoi Bega: Dhana Potofu Kuhusu Mabegi ya Kamera

Korosho zikishauzwa na fedha zikaingia mikononi mwa watu, sherehe hufuatana Mtwara na Lindi, na wapiga picha hupata kazi mfululizo. Wiki chache baadaye baadhi yao hufika katika chumba changu cha fiziotherapia wakilalamikia mabega, shingo na kiuno. Nikiwauliza kuhusu begi wanalobebea vifaa, karibu wote hunihakikishia kwamba begi halina tatizo, maana mikanda yake ina sponji nene. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na uvumilivu wangu nao una mpaka, kwa hiyo nitalijibu hapa kwa kirefu, kisha nitayagusa mengine yanayoandamana nalo.

"Begi lenye sponji nene haliumizi"

Mnunuzi akifika dukani huubonyeza mkanda wa begi kwa kidole gumba kama anayechagua embe sokoni, akaridhika na ulaini wake, akalipa. Alichokipima ni mkanda usio na mzigo, begi likiwa limejazwa magazeti, jambo ambalo halimwambii lolote kuhusu hali ya bega lake saa sita usiku ukumbini. Sponji ina kazi moja tu, nayo ni kuutawanya mgandamizo juu ya eneo pana zaidi ili ukingo wa mkanda usikate bega. Kazi hiyo ina maana yake, wala simshauri mtu anunue begi lenye mikanda myembamba kama kamba. Hata hivyo sponji haipunguzi hata gramu moja ya uzito unaotua begani, na ile iliyo laini sana ndiyo inayowahadaa watu zaidi, kwa sababu mzigo ukishaingia hubonyea mpaka mwisho na kubaki kama kitambaa kilichokunjwa. Kama ni lazima uchague sponji, chagua ile ngumu kidogo ambayo kidole kinapata shida kuizamisha.

Tuutazame mzigo wenyewe. Kamera ya Canon EOS 5D Mark IV, ambayo bado ninaiona kwa wapiga picha wengi wa sherehe, ina takriban gramu 890 ikiwa na betri na kadi. Lenzi ya 24-70 f/2.8 ya toleo la pili ina gramu 805, na ile ndefu ya 70-200 f/2.8 ya toleo la tatu ina gramu 1,480. Mwenye kamera mbili za aina hiyo na lenzi hizo mbili amekwishavuka kilo nne kabla hajaweka flashi, betri za akiba, chaja, chupa ya maji na stendi ya kamera. Begi tupu nalo, hasa lile lililojaa vigawanyio na sponji, laweza kuwa na kilo mbili peke yake. Unapata mtu anayetembea na kilo nane, na unene ule ule wa mikanda anaousifia umechangia uzito huo.

Kilo hizo zote zikining'inia mabegani, mkanda huilalia misuli inayotoka shingoni kwenda begani, na hukaa jirani na mahali linapopita fungu la mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Misuli huitikia kwa kukaza ili kuyashikilia mabega yasivutwe chini, na misuli iliyokazwa saa nyingi bila kupumzika huuma, hata kama kilichoilalia ni laini kama pamba. Mishipa ya fahamu ikibanwa na kuvutwa kwa muda mrefu hujibu kwa ganzi, kuwashawasha au udhaifu. Ndiyo maana mpiga picha hunijia na ganzi ya vidole huku akiamini kwamba tatizo limo kidoleni.

Basi uzito uende wapi? Uende nyongani. Mifupa ya nyonga ni mipana na imara, imeungana na uti wa mgongo kwa nyuma na inaukabidhi mzigo moja kwa moja kwa miguu, ambayo tangu utotoni haina kazi nyingine ila kutubeba. Begi zuri lina mkanda mpana wa nyonga unaokalia ukingo wa juu wa mifupa hiyo, ukingo ambao kila mtu anaupata akishika kiuno na kubonyeza kidogo kwa vidole. Mkanda huo ukifungwa vizuri hupokea sehemu kubwa ya mzigo, na mikanda ya mabega hubaki na kazi ya kulizuia begi lisianguke nyuma. Ninaposema mkanda wa nyonga simaanishi ule utepe mwembamba ulioshonwa chini ya begi kama urembo, ambao kazi yake ni kulizuia begi lisiyumbe tu.

Wala mkanda mpana peke yake hautoshi. Ili uzito utoke mabegani na kushuka nyongani, mgongo wa begi lazima uwe na kitu kigumu ndani yake, ama bamba la plastiki ngumu, ama vyuma vyembamba vya alumini. Begi lisilo na fremu hujikunja linapobebeshwa, na mkanda wa nyonga hubaki umefungwa bila kubeba chochote. Kulijua hili hakuhitaji maelezo ya muuzaji: lishike begi tupu juu na chini, jaribu kulikunja kama unayekunja mkeka, na likikubali bila ubishi, lirudishe.

Linalobaki ni urefu wa mgongo, na hapa ndipo begi la bei kubwa linapoweza kukushinda. Inamisha kichwa, upapase mfupa unaochomoza pale shingo inapokutana na mgongo, ambao ni pingili ya saba ya shingo. Kisha shika kiuno, dole gumba zote mbili zikielekea nyuma, na mtu mwingine apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye pingili ile hadi kwenye mstari unaounganisha dole gumba zako. Huo ndio urefu unaopaswa kulingana na begi. Kimo cha mtu hakihusiki sana, kwani wapo warefu wenye kiwiliwili kifupi na miguu mirefu, na wapo wafupi wa namna iliyo kinyume. Begi likiwa refu kuliko mgongo wako, mkanda wa nyonga utashuka hadi makalioni na kulegea. Likiwa fupi, mkanda utapanda tumboni, na hakuna sponji itakayorekebisha mojawapo ya hayo. Wanawake wengi ninaowahudumia wamenunua begi lililokatwa kwa kipimo cha mwanamume, na wakaambiwa dukani kwamba mikanda inarekebishwa. Kinachorekebishwa kwa kawaida ni urefu wa mikanda ya mabega. Umbali kati ya mabega na mkanda wa nyonga haubadiliki, ila kwa begi lililotengenezwa hivyo makusudi.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao nimeukariri mpaka wauzaji wengine hapa mjini wamenichoka, ni kwamba usinunue begi la kamera likiwa tupu. Nenda na vifaa vyako. Kama unaogopa kuvitoa hadharani, beba pakiti za unga au sukari zenye uzito ule ule, zipange ndani, kisha legeza mikanda yote kabla ya kulivaa. Funga kwanza mkanda wa nyonga, ndipo uvute ile ya mabega mpaka iguse bila kukandamiza. Ukiweza kupitisha kiganja kati ya mkanda na bega bila kung'ang'ana, uzito umeshuka mahali pake. Tembea nalo robo saa, ikiwezekana juani, kwa kuwa jasho la Mtwara hulitoa begi kasoro ambazo feni ya dukani inazificha. Muuzaji akikataa, anakusaidia kuokoa fedha zako.

Nitaongeza jambo moja ambalo wauza kamera hawalipendi. Katika marobota ya mitumba hupatikana mabegi ya kupandia milima yenye fremu ya alumini na mkanda wa nyonga wa kweli, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya bei ya begi lililoandikwa kwamba ni la kamera. Nunua moja linalolingana na mgongo wako, ukague mishono na vifungo vyake, kisha umpelekee fundi wa mabegi akushonee kisanduku cha sponji chenye vigawanyio cha kuingia ndani yake. Sponji ikae huko, kwenye kuzilinda lenzi.

"Natumia begi la bega moja, lakini nabadilisha upande"

Kubadilisha upande hugawanya maumivu kwa zamu. Mzigo ukiwa upande mmoja, kiwiliwili hujipinda upande wa pili ili usianguke, na misuli ya ubavu usio na begi ndiyo inayolipia. Ukihamisha begi, unahamisha na deni. Kulipitisha mkanda kifuani hadi bega la pili kunalizuia begi lisiteleze, lakini hakufanyi mzigo kuwa wa pande mbili. Sina ugomvi na mkoba wa bega kwa kamera moja na lenzi moja ndani ya ukumbi, ambako unahitaji kutoa kifaa haraka. Ugomvi wangu ni kwa anayekwenda nao Kilwa Kisiwani, ambako ukishashuka kwenye boti kazi ni kutembea kutoka gofu moja hadi jingine, au anayeburuta miguu kwenye mchanga wa Msimbati na kilo sita ubavuni, kisha anashangaa kiuno.

"Mradi vyote vimo ndani, mpangilio hauna maana"

Mpangilio una maana kubwa. Kadiri kitu kizito kinavyokaa mbali na mgongo ndivyo kinavyokuvuta nyuma zaidi, nawe hujibu kwa kuinama na kuisogeza shingo mbele. Lenzi ndefu na kamera zikae upande unaogusa mgongo, katikati ya mabega na kiuno, na chaja na nyaya ziende mfuko wa nje. Stendi iliyofungwa nyuma kabisa ya begi ni kosa ninaloliona kila mara. Ikae ubavuni, na upande wa pili uwekwe maji.

"Mkanda wa kifuani ndio unaobeba"

Haubebi. Unaizuia mikanda ya mabega isiteleze nje, basi. Uwe chini kidogo ya mifupa ya mtulinga, na ukikubana pumzi, ulegeze.

"Mkanda wa nyonga ukazwe kadiri inavyowezekana"

Hawa ni wale walionisikia nusu. Mkanda uliokazwa kupita kiasi, au uliowekwa chini mno, waweza kuubana mshipa wa fahamu unaopita karibu na ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, na matokeo yake ni ganzi au mchomo upande wa nje wa paja. Ukihisi hivyo, legeza mkanda na uurudishe juu ya ukingo wa mfupa. Usiuvae tumboni kama mkanda wa suruali.

"Kwenye bodaboda begi libaki mgongoni"

Abiria anayekwenda safari ndefu, tuseme Masasi hadi Newala, mara nyingi hukaa kiti ambacho kitako cha begi kinakigusa. Kila shimo la barabara hulisukuma begi juu kisha hulishusha kwa kishindo mabegani, na fremu niliyoisifu hapo juu sasa inakugonga kisogoni. Mara nyingi ni nafuu liwekwe katikati yako na dereva, likalie kiti, mikono yako ikiwa imelikumbatia na mikanda ikiwa imekunjwa ndani isije ikanaswa na tairi. Kulivaa begi kifuani wakati wa kutembea, kwa kuogopa vibaka, ni sawa kwa mwendo wa kupita stendi ya mabasi au sokoni, si kwa siku nzima.

"Mwili utazoea"

Misuli huzoea mzigo, kama inapewa mzigo kidogo kidogo na mapumziko ya kutosha kati yake. Mshipa wa fahamu hauzoei kubanwa. Uchovu wa mabega unaokwisha baada ya usiku mmoja wa kulala ni wa kawaida. Lakini ganzi inayobaki mkononi baada ya begi kuvuliwa, udhaifu wa kunyanyua mkono juu ya kichwa, au bega ambalo mfupa wake wa nyuma umeanza kuchomoza kama bawa unaposukuma ukuta kwa viganja, hayo si kuzoea. Yupo niliyemwona akiwa katika hali hiyo ya mwisho, na alikuwa amekaa nayo msimu mzima akipakwa dawa za kuchua na kufungwa mkanda wa mgongo wa duka la dawa, huku begi lile lile likiendelea kupanda begani kila Jumamosi. Mkanda ule wa dukani hauondoi kilo hata moja begani. Mwenye dalili hizo aliweke begi chini, vifaa vibebwe na msaidizi au kwenye bajaji, na aende hospitali wiki hiyo hiyo, asingoje sherehe ziishe.