Kuchukua Kinyama Hakusambazi Saratani ya Mapafu

Ndugu wa wagonjwa hapa Mtwara wanazidi kukataa kipimo cha kinyama, yaani kutolewa kipande kidogo cha uvimbe kikachunguzwe maabara, na sababu wanayotupa ni ileile: "Ikiguswa na chuma, inasambaa." Hilo si kweli, na linatupotezea watu.

Wapo wanaoletwa kwetu na kikohozi cha miezi huku juu ya mtulinga pameshaota kivimbe. Ukikishika ni kigumu kama korosho ya ganda, hakiumi, hakisogei. Kama ni saratani ya mapafu, basi imeshasafiri. Seli zilibanduka kwenye uvimbe wa pafu, zikapenya vimishipa vya limfu, yaani majimaji ya mwilini, ambavyo kuta zake ni nyembamba, zikachukuliwa na majimaji hayo hadi tezi za kwanza, pale bomba la hewa linapoingia pafuni. Kazi ya tezi ni kuchuja na kunasa wavamizi. Seli nyingi hufia humo. Chache hunusurika, huzaana, huhamia tezi za katikati ya kifua, kisha hizo za juu ya mtulinga. Yote haya hutokea kabla daktari hajashika sindano! Sindano yenyewe kuacha seli njiani ni jambo la nadra mno.

TB nayo huvimbisha tezi, na kwa macho hatuwezi kuzitofautisha na za saratani. Ndiyo maana tunaomba kinyama.

Kipande kikitolewa hutiwa kwenye kopo la formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze) ya asilimia 10, isiyopungua mara 10 ya ujazo wa kipande. Jina, namba ya faili, tarehe na mahali kilipotolewa huandikwa ubavuni mwa kopo, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Fomu hukaa kwenye mfuko wake. Ukikabidhiwa kopo usafiri nalo, usilifungue, usiongeze maji, usiliweke kwenye friza: barafu huharibu seli, na mgonjwa itabidi achomwe upya.

Saratani ikifika juu ya mtulinga, kwa kawaida hatuanzi na upasuaji. Ipo mionzi, zipo dawa, na rufaa huelekea hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambako watauliza kwanza majibu ya kinyama. Mzee akikohoa zaidi ya wiki 2, apimwe makohozi. TB isipoonekana na kikohozi kikaendelea, msimwache nyumbani. Mrudisheni apigwe picha ya kifua, na shingo yake ipapaswe.