Kisiwa Kimempotea Nani?

Nafundisha uandishi wa miswada ya filamu hapa Nairobi, na hakuna muhula unaopita bila kuletewa mswada wa kisiwa kilichopotea. Huwa nafurahi nikiuona. Kisiwa humsaidia sana mwandishi, maana maji yamekwisha kumfungia milango yote. Wahusika hawana pa kukimbilia, polisi hawafiki, na mwenye cheo bara huenda akawa si kitu mbele ya anayejua kuvua samaki.

Kazi ni kukipoteza. Daniel Defoe alipotoa Robinson Crusoe mwaka 1719, dhoruba moja ilimtosha. Mtazamaji wa leo ana ramani ya dunia nzima kwenye simu, na ataanza kuuliza kabla hata hajakaa vizuri: mbona hakuna anayekuja kuwatafuta? Tamthilia ya Kimarekani ya Lost, iliyorushwa kuanzia 2004 hadi 2010, ilimjibu katika kipindi cha kwanza kabisa. Rubani aliyenusurika ndege ilipoanguka kisiwani anawaeleza abiria kwamba redio ilizimika saa sita baada ya kupaa, wakageuza ndege kuelekea Fiji, na kufikia wakati wa msukosuko walikuwa wametoka njiani maili 1,000. Wanaowatafuta wako kwingine. Maneno machache, mlango umefungwa! Kipande hicho nawaonyesha wanafunzi mara mbili, mara ya pili bila picha, wasikilize tu.

Na ramani zenyewe hudanganya. Novemba 2012 meli ya utafiti ya Australia ilikwenda kukitafuta Sandy Island, kisiwa kilichochorwa hata kwenye ramani za intaneti, kati ya Australia na New Caledonia. Walikuta bahari tupu, yenye kina cha zaidi ya mita 1,300.

Lakini jambo ninalolisisitiza zaidi darasani ni neno lenyewe. Kwetu anayepotea ni mtu, au chombo chake. Mvuvi hupotea, jahazi hupotea. Kisiwa kiko pale pale. Ukisema kimepotea, niambie kimempotea nani. Katika King Kong ya 1933, watengenezaji filamu wanafika Skull Island kwa ramani iliyotoka kwa nahodha Mnorwe, kana kwamba kisiwa hicho hakijulikani na yeyote. Kumbe ufukweni pana kijiji, pana ukuta mkubwa, pana watu wanaomjua yule nyani kwa jina. Hadithi inawapita kama mapambo. Hapo huniuma kila mara, kwa sababu hao ndio waliokuwa na hadithi.

Sisi tuna mfano wetu. Mwaka 1934 msafara wa kisayansi wa mtafiti Mwingereza, Vivian Fuchs, ulikuwa Ziwa Turkana, wakati huo likiitwa Ziwa Rudolf. Wenzake wawili walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, hawakurudi. Mitandaoni siku hizi utasoma habari za kisiwa cha ziwa hilo kinachomeza watu, mara taa za ajabu, mara kijiji kizima kimetoweka. Sizikubali, na mswada uliojengwa juu yake naurudisha. Ziwa lile halihitaji kuongezewa mazimwi. Upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu za kutisha, maji yakachafuka, na mashua ndogo ikiwa katikati haina pa kujificha. Mamba nao wamo.

Kwa hiyo nawataka wanafunzi waanzie ufukweni, upande wa Loiyangalani, mji mdogo kando ya ziwa hilo, kwa mvuvi wa Kielmolo anayewatazama wageni wakisukuma mashua majini. Yeye kisiwa hakijampotea. Atawaambia nini, na kwa lugha gani?

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniletea onyesho hilo, kurasa nne. Mzee anawatazama wakipakia vifaa, anatazama maji, anasema neno moja tu: "Subirini." Mkalimani yuko kando yake, anafunga kamba za mizigo, na halitafsiri.