Je, wajua kwa nini kubadili jina la faili hakuigeuzi faili yenyewe?

Mtu amepiga picha ya cheti chake kwa iPhone, ameihamishia kwenye kompyuta, na fomu ya maombi inamwambia kwamba inapokea JPG tu. Anaitazama faili, anaona jina lake linaishia na HEIC, anazifuta herufi hizo nne na kuandika JPG mahali pake. Kompyuta inamwonya, anakubali, na jina linabadilika, lakini fomu inaikataa picha kama ilivyoikataa mwanzo. Katika steshenari niliyozoea kwenda kuchapisha kazi zangu nililiona jambo hili mara nyingi, nami ndilo lililonisukuma kuanza kuandika, jioni baada ya kazi na bila kulipwa na mtu, programu ndogo ya kompyuta ya kugeuza faili. Kabla sijaandika hata mstari mmoja nililazimika kujibu swali ambalo nilidhani jibu lake nalijua: faili ni nini hasa, na kuigeuza ni kuifanya nini?

Faili yoyote, iwe picha, wimbo au barua, ni mfululizo wa baiti, na baiti ni namba tu iliyo kati ya 0 na 255. Jina la faili halimo ndani ya mfululizo huo. Linatunzwa na mfumo wa kompyuta katika orodha yake, kama vile jina la mteja linavyoandikwa kwenye daftari la fundi cherehani na si kwenye kitambaa chenyewe. Herufi zinazofuata nukta ya mwisho, ambazo huitwa kiendelezi, ni sehemu ya jina hilo, na kazi yake kubwa ni kuidokezea kompyuta ni programu gani ifungue faili hiyo. Ukizibadili, umeandika jambo jingine kwenye daftari, na kitambaa kimebaki vilevile.

Utambulisho wa kweli umo mwanzoni mwa baiti zenyewe. Faili ya PNG huanza na namba nane zisizobadilika: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Namba 80, 78 na 71 ndizo herufi P, N na G. Zilizobaki hazikuwekwa ovyo: 137 imezidi 127, kwa hiyo njia ya mawasiliano inayopitisha biti saba tu kwa kila baiti, yaani namba zisizozidi 127, itaiharibu, na uharibifu utaonekana papo hapo, 13 na 10 ni alama za kuanza mstari mpya, ambazo baadhi ya programu za zamani zilikuwa na tabia ya kuzibadilisha wakati wa kuhamisha faili, na kama zimebadilishwa msomaji anajua kwamba faili imeguswa njiani. Waliobuni PNG katika miaka ya 1990 walijua vizuri masaibu ya faili zinazosafiri. JPG huanza na 255, 216, 255. PDF huanza na alama ya asilimia na herufi PDF. Picha ya HEIC, fomati ambayo Apple ilianza kuitumia kwenye iPhone mwaka 2017, huwa na herufi f, t, y, p kuanzia baiti ya tano.

Hapo ndipo fomu iliponasa. Programu iliyopokea picha ilisoma baiti za mwanzo, ikakosa 255, 216, 255, ikaikataa. Kuna programu nyingine ambazo zingeifungua picha hiyo bila kulalamika, kwa sababu zinasoma baiti hizo na kulipuuza jina, na hizo ndizo zinazowafanya watu waamini kwamba kubadili jina kumefanya kazi. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichoandika katika programu yangu hakikuwa kugeuza chochote, bali kusoma baiti chache za mwanzo na kumwambia mtumiaji faili yake ni ya aina gani kwa kweli. Sehemu hiyo haikuzidi mistari arobaini, na hadi leo ndiyo ninayoitumia kuliko zote.

Kugeuza kwenyewe ni safari ya hatua mbili. Kwanza faili ya zamani inafumuliwa hadi ibaki kile inachokibeba: kwa picha, rangi ya kila pikseli, yaani kila kinukta kinachoiunda, kwa sauti, kimo cha wimbi katika kila sehemu ndogo ya sekunde. Kisha kile kilichofumuliwa kinasukwa upya kwa kanuni za fomati mpya. Hakuna njia ya mkato kutoka HEIC hadi JPG inayoruka hatua ya katikati. Hatua hiyo pia ndiyo inayookoa jasho la mtengenezaji, kwani mwenye fomati 10 ambaye angetaka kuandika kigeuzi cha moja kwa moja kwa kila jozi angehitaji vigeuzi 90, ilhali anayepitia umbo moja la katikati anahitaji vifumuaji 10 na visukaji 10 basi. Pandoc, programu huria ya kugeuza maandishi iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa huko Berkeley, Marekani, imejengwa juu ya wazo hilohilo: kila waraka husomwa kwanza kuwa mti wa aya, vichwa na orodha, na mti huo ndio unaoandikwa katika fomati inayotakiwa.

Umbo hilo la katikati ni zito. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12, na kila pikseli inahitaji namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu. Kwa hiyo faili iliyokuwa na megabaiti tatu kwenye diski inachukua baiti milioni 36 ikishafumuliwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Toleo langu la kwanza lilizifungua picha zote kwa pamoja. Nilipoiburutia folda yenye picha 100, ilitaka baiti bilioni 3.6 kwenye kompyuta yenye gigabaiti nne, na kila kitu kikaganda hadi nikazima kwa kitufe. Toleo la pili linafungua picha mbili kwa wakati mmoja.

Je, kipi kinapotea njiani? JPG, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1992, huigawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, ikakieleza kila kiraba kwa namba 64 zinazoanzia mabadiliko mapana ya mwanga hadi vinukta vidogo kabisa, kisha ikazigawanya namba hizo na kuzikadiria, kwa ukali zaidi kwa zile za vinukta vidogo, kwa kuwa jicho la binadamu halivioni sana. Nyingi za hizo huwa sifuri, na sifuri nyingi zilizofuatana hubanwa kwa urahisi. Ndiyo sababu faili inakuwa ndogo, na ndiyo sababu pia anayegeuza JPG kuwa PNG kwa matumaini ya kupata picha safi zaidi hupata tu faili kubwa zaidi yenye kasoro zilezile, maana PNG inahifadhi kwa uaminifu kila pikseli iliyopewa, pamoja na zilizokwisha kuharibika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hasara nyingine hazihusu ubora, na ndizo zilizonipotezea jioni nyingi. Rafiki mmoja alinipa saini yake iliyochanganuliwa, PNG yenye mandhari angavu, yaani inayoacha kilicho nyuma yake kionekane, ili niijaribu kwenye programu. JPG iliyotoka ilikuwa mraba mweusi mtupu. Sababu ni kwamba pikseli ya PNG inaweza kuwa na namba ya nne, inayosema pikseli hiyo ni angavu kiasi gani, na JPG haina nafasi ya namba hiyo. Chini ya pikseli angavu bado kuna namba tatu za rangi, ambazo mara nyingi ni sifuri tatu, yaani weusi. Programu yangu iliifuta namba ya nne, na weusi uliofichwa ukajitokeza, ukaimeza saini ambayo nayo ilikuwa ya wino mweusi. Dawa yake ni kuandaa kwanza karatasi nyeupe kwenye kumbukumbu, kuibandika picha juu yake kwa kufuata uangavu wake, ndipo namba ya nne iondolewe.

Picha za simu nazo zina lao. Simu ikishikwa wima, picha mara nyingi huhifadhiwa ikiwa imelala, pamoja na kidokezo kidogo ndani ya faili kinachowaambia wasomaji waizungushe kabla ya kuionyesha. Programu inayofumua pikseli na kukisahau kidokezo hicho itatoa picha ya mtu aliyelala ubavu. Kidokezo hicho hukaa pamoja na taarifa nyingine, mathalani tarehe na pengine mahali picha ilipopigwa, kwa hiyo kila mwandishi wa programu ya namna hii anaamua, ajue au asijue, kama taarifa hizo zitahamishwa au zitafutwa. Mimi huzungusha pikseli zenyewe, kisha taarifa za mahali huzifuta isipokuwa mtumiaji ameomba zibaki.

Kwa upande wa sauti na video, mtu anayefanya kazi hii kwa kujifurahisha haandiki kifumuaji chake mwenyewe. Anaiita FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2000 na Fabrice Bellard wa Ufaransa, ambayo inajua mamia ya fomati. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao husimbwa kwa Opus, kanuni ya kubana sauti, unageuzwa kwa amri moja, ffmpeg -i ujumbe.opus ujumbe.mp3, na dirisha lenye vitufe ninalolitengeneza mimi ni njia ya kumwepusha mtumiaji asiiandike amri hiyo. Hata hivyo inafaa kujua tofauti ya kasha na kilichomo. MP4 na MKV ni makasha. Ndani yake kuna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, kila mmoja umesimbwa kwa kanuni yake. Ikiwa kilichomo ndani ya MKV kinakubalika katika MP4, hakuna haja ya kufumua chochote: mikondo inanakiliwa jinsi ilivyo hadi kwenye kasha jipya, filamu ya saa mbili inakamilika upesi sana, na ubora haupungui hata chembe. Programu isiyochunguza hilo kwanza inaichosha kompyuta saa nzima kwa kazi ya dakika moja, na zipo nyingi za namna hiyo.

Kugumu kuliko kote ni PDF kwenda Word. Fomati ya PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, ilikusudiwa ionekane vilevile kila mahali, kwa hiyo inachohifadhi ni maagizo ya kuchora: weka herufi hizi mahali hapa pa ukurasa, kwa ukubwa huu. Ukurasa wa A4 una pointi, kipimo kidogo cha wachapaji, 595 kwa upana na 842 kwa urefu, na kila neno lina anwani yake humo. Kwa kawaida hakuna anayesema aya inaishia wapi, au kwamba mistari na namba zile ni jedwali. Wakati mwingine hata nafasi kati ya maneno haimo, ni pengo tu lililobaki kati ya herufi na herufi. Kigeuzi kinabaki kukisia, na kukisia huku ndiko kunakozaa zile barua ambazo kila mstari umekuwa aya yake. DOCX, fomati ya Word, kwa upande wake ni kifurushi cha ZIP chenye faili za maandishi ndani yake. Badili kiendelezi cha nakala ya waraka wako kuwa ZIP na utaweza kuufungua na kuikuta humo folda iitwayo word. Hapa kubadili jina kunafaa, kwa sababu faili ilikuwa ZIP tangu mwanzo.

Njia ya Word kwenda PDF ni nyepesi zaidi, na LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, huifanya kimyakimya bila hata kufungua dirisha lake. Angalizo ni moja: fonti isiyokuwapo kwenye kompyuta hubadilishwa na nyingine, na fonti yenye herufi pana kidogo inaweza kuisukuma saini hadi ukurasa wa pili. Fonti huria ya Carlito ilichorwa kwa vipimo sawa na vya Calibri, fonti ya Microsoft, ili kuziba pengo hilo.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ajisumbue, ilhali tovuti za kugeuza faili ni tele. Bando ni sababu mojawapo, kwa kuwa video ya megabaiti 500 inapaswa kwanza kupakiwa, kisha matokeo yapakuliwe. Sababu inayonigusa zaidi ni kwamba faili ambazo watu hugeuza kwa haraka ni vyeti, vitambulisho na mikataba, na kuzipeleka kwenye seva ya mtu usiyemjua si jambo la kufanya kila siku.

Kilichobaki cha programu kinahusu adabu zake tu. Kazi ya kugeuza ifanyike katika mchakato tofauti na ule unaochora dirisha, la sivyo dirisha litaganda na mtumiaji atalifunga akidhani limekufa. Majina yenye nafasi, kama «cheti cha kuzaliwa.heic», yapelekwe kwa programu inayogeuza yakiwa kipande kimoja, yasije yakasomwa kuwa faili tatu. Tena faili mpya isiandikwe moja kwa moja kwa jina lake la mwisho, maana umeme ukikatika katikati mtumiaji atabaki na JPG iliyo nusu, akiamini imekamilika. Iandikwe kwa jina la muda, ikaguliwe kwamba inafunguka na kwamba inaanza na 255, 216, 255, ndipo jina lake libadilishwe kuwa lile lililoombwa.